Moshi Mweupe, Makamasi Meusi

Mtoni nzima, kule Temeke, hapakuwa na mtu asiyelijua tanuri la chokaa la Bwana Thuwaini. Hata kipofu alilijua, maana lilipowashwa, pua ndiyo iliyopata habari kwanza. Magogo yalipangwa duara, juu yake yakarundikwa mawe ya matumbawe kutoka pwani, moto ukatiwa. Na hapo, mama yangu weee! Moshi mweupe ulipanda kama mnara wa msikiti, ukavunjika huko juu, kisha ukajimwaga juu ya mapaa ya makuti. Majani ya mihogo yakageuka meupe. Kuku weusi wakawa wa kijivu. Nguo zilizoanikwa asubuhi ziliporudi ndani zilikuwa na unga kama za wasaga nafaka. Enzi zile za Mwingereza mji ulikuwa ukijengwa mbio mbio, majumba ya mawe yakichipuka kama uyoga, na kila jumba lilitaka chokaa. Basi Bwana Thuwaini aliwasha, akapakua, akawasha tena.

Mwanaheri alilichukia tanuri lile kama mtu anavyomchukia mchawi wa mtaani kwake. Alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Mumewe, Mwinshehe, alikuwa mbeba mizigo bandarini. Yeye mwenyewe alipika vitumbua, na vitumbua vyake vilikuwa na jina: watu walitoka Keko kuja kuvinunua, wakarudi wakilamba vidole. Lakini sifa za vitumbua hazimponyi mtoto. Mwanawe wa pekee, Marijani, alikuwa na miaka miwili na ushei, na kifua chake kililia usiku na mchana kama filimbi iliyoziba. Watoto wenziwe wakikimbizana, yeye alikaa kizingitini akiwatazama kwa macho makubwa, mbavu zikipanda na kushuka. Kabla yake alitangulia dada yake, ambaye hakuwahi hata kuota meno. Naye alikwenda kwa kifua hicho hicho. Kwa hiyo Marijani alipokohoa, watu wengine walisikia kikohozi. Mwanaheri alisikia jembe la mchimba kaburi.

Katika vita vya kukilinda kifua kile, amiri jeshi alikuwa mama mkwe wake, Bi Mwanakombo, bibi mnene, mcheshi, mwenye kipini puani na sauti ya kuamrisha. Jua likianza tu kuinama, yeye alikwisha simama mlangoni.

"Ingizeni mtoto! Magharibi hii, wenyewe wanapita!"

Hao "wenyewe" ni mashetani, na kila mtu wa pwani anajua kwamba saa ile hawakutwi njiani. Mlango ulifungwa, kidirisha kikafungwa, matambara yakasokomezwa kwenye nyufa ili moshi wa Thuwaini usipate pa kupenya. Kisha chetezo kikaingia. Ubani ulifukizwa mpaka watu hawaonani, na Marijani akainamishwa juu yake akiwa amefunikwa kanga, ili kifua kizibuke. Pembeni, makumbi mabichi ya nazi yalifuka kufukuza mbu. Kibatari kilitoa ulimi mweusi ukutani. Na kwenye mafiga, humo humo ndani, chungu cha mchuzi kilikuwa kikitokota. Alfajiri Mwanaheri aliinamia tena moto wa vifuu akipika vitumbua, Marijani mgongoni, asije akapigwa na upepo wa nje wenye chokaa.

"Nyumba yangu haijawahi kukosa ubani," Bi Mwanakombo alipenda kujigamba. "Siyo kama hao wenye tanuri, nyumba wazi kama soko la samaki!"

Asubuhi moja, baada ya mtoto kukesha akikoroma na kukohoa, Mwanaheri alimbeba kiunoni akaenda moja kwa moja dukani kwa Bwana Thuwaini. Alimkuta mwenyewe nyuma ya meza, mtu mfupi wa sauti nzito, akipima sukari.

"Bwana Thuwaini, unamwona mwanangu?"

"Namwona. Mashallah."

"Mashallah ya nini? Hebu tega sikio hapa kifuani. Unasikia? Hiyo ni chokaa yako inaimba."

"Mwanaheri, chokaa haiimbi. Umekuja kununua sukari au ugomvi? Ugomvi hapa hauuzwi."

"Wa kwangu nimekuja nao!"

Watu waliokuwa barazani wakaangua kicheko. Bwana Thuwaini akaweka chini kipimo chake. Kabla hajajibu, mkewe, Bi Mahfudha, akatokea mlango wa nyuma, mikono imejaa unga. Nyuma yake watoto wake wanne walikuwa wakifukuzana uani, na yule mdogo kabisa, Nunu, alikuwa amempanda mbuzi kama farasi.

"Shoga yangu," Bi Mahfudha akasema kwa upole, "pole kwa kuuguliwa. Lakini hebu niambie. Wangu hawa wanalala hapo, jiwe nikirusha linaingia tanurini. Mbona wao hawakohoi?"

Mwanaheri alimtazama Nunu. Mtoto alikuwa mnono, mashavu kama maandazi yaliyoumuka, anapiga makelele mpaka mbuzi amechanganyikiwa. Alijua swali lile lina haki. Lakini mtu aliyekuja na ugomvi wake kutoka nyumbani haurudishi mzima mzima.

"Wako mmewazindika!" akajibu. "Mwenye kuwasha moto anajua namna ya kuwakinga wanawe. Sie wengine tuna Mungu tu!"

Akaondoka kanga zikipepea. Njiani akakutana na jirani yake Mwamvita, mwanamke ambaye habari ikiingia sikioni mwake asubuhi, adhuhuri ilikuwa imefika Mbagala.

"Wamewazindika, eti?" Mwamvita akadaka, macho yakimng'aa. "Mie nilijua! Nilisema! Haiwezekani mtoto akae kinywani mwa tanuri asikohoe. Twende kwa jumbe, Mwanaheri. Leo leo!"

Wakaenda. Hawakwenda wawili. Walipofika njia panda walikuwa kumi, na walipofika kwa jumbe ua ulijaa wanawake na watoto, na watoto nusu yao wakikohoa kwa zamu kama vyura wa bwawani. Jumbe wa Mtoni alikuwa mzee mtulivu, asiyependa kelele hata kidogo, na kelele ndizo zilizomshinda.

"Basi, basi, basi!" akasema, mikono juu. "Tanuri lisiwashwe. Masika haya yanayokuja yakipungua nitakaa baraza, nisikilize pande zote mbili. Mwanaheri, wewe ndiye mlalamikaji, uje na mtoto wako. Sasa nendeni nyumbani, masikio yangu yanauma."

Vigelegele vilivyopigwa siku ile vilisikika ng'ambo ya maji. Wanawake walipita mbele ya duka la Bwana Thuwaini wakicheza, na Bi Mwanakombo, na unene wake wote, alikuwa mbele akiongoza wimbo alioutunga papo hapo:

"Tanuri limepoa, mwenyewe kanuna,
Watoto watapona, ndipo ataona!"

Bwana Thuwaini alifunga mlango wa duka. Mwanaheri alirudi nyumbani akijiona kama jemadari aliyeteka ngome.

Masika yakaingia kwa nguvu. Paa la nyumba ya Mwinshehe lilikuwa la zamani, makuti yamechakaa, na mvua ilipita kama inapita kwenye chujio la tui. Ilibidi paa liezuliwe. Mvua zilipotulia kidogo, rafiki zake Mwinshehe wakaja, wakayang'oa makuti yote na mbao zilizooza, nyumba ikabaki fito na kuta, inatazama mbingu. Familia ikawa inalala chini ya turubai lililoning'inizwa juu ya kitanda, pembe zote wazi. Mafiga yakatolewa uani. Ubani haukufukizwa, maana Bi Mwanakombo alisema kufukizia nyumba isiyo na paa ni kuwapelekea majirani ubani wa bure.

Na Marijani akapona! Siku ya kwanza filimbi ya kifuani ilipungua sauti. Siku zilizofuata alilala usiku kucha, akaamka akidai uji, akatoka kizingitini akamkimbiza kuku. Alianguka, akainuka, akamkimbiza tena. Mwanaheri alisimama uani na upawa mkononi, machozi yakimtiririka, vitumbua vikiungua na yeye hana habari.

"Umeona?" Bi Mwanakombo akapaza sauti ili mtaa mzima usikie. "Tanuri limezimwa, mtoto kazibuka! Thuwaini alikuwa anatumalizia kizazi!"

Mwamvita aliibeba habari ile, akaifikisha.

Kisha paa jipya likaisha. Lilikuwa paa la kujivunia, makuti mabichi yaliyosukwa yakabanana, hata mshale wa jua haukupenya. Bi Mwanakombo akaagiza udongo, akaziba kila ufa wa ukuta kwa mkono wake mwenyewe. "Siku Thuwaini akiwasha tena," akasema, "moshi wake utagonga hodi mpaka uchoke." Mafiga yakarudi ndani kwa sababu ya mvua. Makumbi yakarudi kwa sababu ya mbu. Na Magharibi ile ile, kwa shukrani ya mtoto kupona, chetezo kikajazwa ubani maradufu.

Siku chache hazijapita, filimbi ikaanza kulia. Mara hii ilikuja na hasira. Midomo ya Marijani ikawa na rangi ya zambarau, na kila pumzi aliivuta kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu. Dawa ya hospitali alikunywa, akaitapika. Bi Mwanakombo akafukiza, mtoto akazidi. Akazidi kufukiza, mtoto akazidi zaidi.

Asubuhi iliyofuata Mwanaheri hakupika vitumbua. Alijifunga kanga kifuani akatoka mbio kwenye manyunyu, moja kwa moja mpaka kwenye tanuri. Alikuwa na hakika kabisa: Thuwaini analiwasha kwa siri! Angemkamata leo, angemkokota mpaka kwa jumbe!

Alifika. Akachungulia ndani.

Tanuri lilikuwa baridi kama kaburi. Majani yalikuwa yameota kwenye majivu. Na katikati, palipokuwa moyo wa moto, kuku wa Bi Mahfudha alikuwa ameatamia mayai. Alimtazama Mwanaheri kwa jicho moja, kwa dharau, kama kuuliza: na wewe umefuata nini nyumbani kwa watu?

Mwanaheri akasimama pale, maji yakimchuruzika usoni. Kupitia ukuta wa matete aliona uani kwa Bi Mahfudha. Jiko la nyumba ile lilikuwa kibanda cha peke yake, mbali na vyumba, kuta zake nusu, moshi ukitoka pande zote na kwenda zake. Nunu alikuwa akicheza kule mwisho wa ua. Madirisha ya nyumba yalikuwa wazi yote. Wazi kama soko la samaki.

Alirudi nyumbani polepole, kichwa kikimzunguka. Marijani alikuwa amepakatwa na bibi yake kitandani, makamasi yakimtoka. Kanga yake ilikuwa imelowa, basi Mwanaheri akachukua ncha ya kitambaa cheupe, akampenga pua. Akakitazama kitambaa.

Meusi. Makamasi yalikuwa meusi tii, kama yamechovywa kwenye wino.

Siku zote alikuwa akimpenga kwa pindo la kanga nyeusi, anafuta anapita, nani atazame makamasi? Sasa aliketi kwenye mkeka kama mtu aliyepigwa rungu. Chokaa ni nyeupe. Moshi wa tanuri mweupe, majani meupe, nguo nyeupe. Kwa nini pua ya mtoto iwe nyeusi?

Akainua macho. Paa lile jipya, ambalo hata mwezi halijatimiza, makuti yake yalikuwa bado ya kijani huku pembeni. Lakini juu ya mafiga yalikuwa meusi. Juu ya kibatari, meusi. Na juu ya kitanda, pale mtoto anapofukiziwa, masizi yalikuwa yameshaanza kuning'inia kama utando wa buibui. Akapanda juu ya kinu, akapitisha kidole kwenye kuti, akakiweka kidole kando ya kitambaa. Rangi moja. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja!

"Mama," akasema akishuka kinuni. "Shuka hapo kitandani. Mtoto atoke nje."

"Nje? Na manyunyu haya? Una wazimu?"

"Tanuri ni baridi, mama. Kuku kaatamia ndani yake. Moshi unaomuua Marijani tunauwasha sie."

Bi Mwanakombo akatazama kitambaa, akatazama kidole, kisha akafyonya mfyonyo mrefu uliotoka nyayoni.

"Nimezaa saba, nimelea kwa ubani. Leo mpika vitumbua ananifundisha moshi! Mwinshehe! Mwinshehe, njoo usikie mkeo!"

Mwinshehe aliingia akijikuna kichwa. Maskini, mtu wa kubeba magunia, lakini mzigo wa kusimama kati ya mama na mke haukuwa na pa kuushikia.

"Mama anasema..."

"Nimemsikia mama," Mwanaheri akamkata. "Sasa nisikie mie, baba Marijani. Paa lilipokuwa halipo, mtoto alikohoa?"

"Hakukohoa."

"Mafiga yalikuwa wapi?"

"Uani."

"Ubani?"

Mwinshehe akamtazama mama yake, akatazama chini. "Haukufukizwa."

"Paa limerudi, moto umerudi, ubani umerudi. Na kikohozi je?"

Mwinshehe akakunja mikono ya shati. Alitoka, na walipomsikia tena alikuwa uani akichimbia nguzo za kibanda. Mwanaheri naye akashika panga. Alianza chini ya paa, juu ya kitanda, akaukata ukuta wa udongo pwaa! pwaa! mpaka mwanga ukamwagika ndani kama maji. Akakata na upande wa pili, upepo ukapata njia ya kuingia na njia ya kutoka.

Bi Mwanakombo alijitupa kwenye mkeka, kichwa mikononi. "Kanibomolea nyumba! Ufa nimeuziba jana, leo kaufanya mlango! Na Magharibi ikifika? Mashetani watapita hapo wamejipanga mstari! Nitafungasha, nirudi kwa kaka yangu Mbagala, mbaki na mashetani wenu!"

Hapo Mwanaheri akatua panga. Alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akamshika miguu, kwa maana alimpenda, na kwa maana alijua bila bibi yule hawezi kuvishinda vita vile.

"Mama, sisemi ubani mbaya. Nani atasema? Lakini nikuulize. Shetani akija, anatokea ndani au anatokea nje?"

"Nje. Anatokea wapi tena?"

"Na ubani unamfukuza?"

"Kabisa! Haukai na shetani pahala pamoja."

"Sasa mbona tunamngoja mpaka aingie ndipo tumfukuze, tena tumefunga milango? Atapata wapi pa kutokea? Mfukizie huko huko uani, mama, kwenye lango. Akute moshi kabla hajaona nyumba!"

Bi Mwanakombo akageuka, akalitazama lango.  

"Mmh," akasema hatimaye. "Kwenye lango."

"Kwenye lango."

"Mpaka Ijumaa tu. Mtoto asipopata nafuu, ukuta wangu unaurudisha kwa mikono yako."

Magharibi ile chetezo kilisimama langoni kikifuka kama bawabu wa sultani. Kibatari kilizimwa mapema, na badala ya makumbi, chandarua cha zamani cha Mwinshehe kilishonwa matundu na kutundikwa kitandani. Mwanaheri hakupata usingizi. Alilala sikio limeelekea kifuani kwa mwanawe, akihesabu pumzi kama mtu anayehesabu tasbihi.

Kesho yake makamasi yalikuwa meusi bado. Keshokutwa yakawa kama maji ya majivu. Ijumaa, Bi Mwanakombo mwenyewe ndiye aliyemwita mjukuu wake, akampenga kwa kitambaa cheupe, akakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Makamasi yalikuwa meupe, maangavu, ya mtoto yeyote mwenye mafua kidogo. Marijani akajinyofoa, akakimbia kumtafuta kuku.

Bibi alibaki amesimama na kile kitambaa. Akakikunja mara mbili.

"Mwanaheri," akaita, sauti ndogo. "Yule wa kwanza. Yule binti. Mie ndiye niliyemfukizia."

Mwanaheri akaja akasimama karibu naye, bega kwa bega.

"Na moto wa vifuu niliukoka mie, mama, naye akiwa mgongoni. Tulimpenda sote wawili. Hatukujua. Sasa tunajua."

Bi Mwanakombo akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akavuta pumzi, akajiweka sawa. "Basi hilo tundu ulilokata limekaa upande," akasema. "Mwite Mwinshehe alinyooshe."

Mvua zilipopungua, jumbe akakaa baraza. Mtoni nzima ilihudhuria, wanaume upande huu, wanawake upande ule, watoto kila mahali. Bwana Thuwaini alikaa mbele na kanzu safi na uso wa mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Mwamvita na wenziwe walikuwa wamejipanga, vigelegele viko tayari mdomoni.

"Mlalamikaji asimame," jumbe akasema.

Mwanaheri akasimama. 

"Jumbe, shikamoo. Nililalamika kwamba tanuri la Bwana Thuwaini linaua watoto wetu. Nafuta maneno yangu. Tanuri limekaa baridi masika yote, na mwanangu alikaribia kufa katikati ya masika. Moshi uliomkaba ulikuwa wa jikoni kwangu."

Lo! Baraza lililipuka kama bisi kikaangoni.

"Kahongwa!" sauti ikatoka nyuma. "Kahongwa sukari huyo!"

"Kazindikwa naye!" Mwamvita akapiga kelele. "Mwanaheri, shoga, unatuvua nguo mbele ya watu?"

Mwanaheri alisubiri mpaka walipopungua, kisha akasema neno moja tu.

"Wapengeni."

"Nini?"

"Kila mwenye mtoto hapa, ampenge pua kwa kitu cheupe. Kisha atazame. Chokaa ni nyeupe, jamani. Kama ni chokaa, tutaiona nyeupe."

Watu walitazamana. Mwamvita, kwa kutaka kumkomesha, akamvuta mwanawe, akaazima leso ya mumewe, akampenga kwa mbwembwe. Akaifungua leso juu ili watu wote waone. Waliiona. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuiona, na alipoiona mkono ulishuka wenyewe. Mwanamke wa pili akampenga wa kwake. Wa tatu. Safu kwa safu, leso na vitambaa vikatoka na makamasi meusi.

"Sasa wapengeni na wa Bi Mahfudha," Mwanaheri akasema.

Nunu alipengwa akipiga mateke. Leso ikatoka safi.

"Jiko lao liko nje, jamani! Hakuna hirizi. Wanapika nje, wanalala madirisha wazi. Na wewe Bwana Thuwaini," akamgeukia, maana alimwona ameanza kutabasamu, "usicheke sana. Moshi wako nao si marashi. Uwashe upepo ukielekea majini, siyo ukielekea vitandani kwetu."

Bwana Thuwaini alikohoa kidogo, akainuka. "Hilo ni haki," akasema. "Nitangoja upepo. Na mwenye kutaka kujenga jiko la nje, chokaa ya kupaka atachukua kwangu bure, haitanishinda."

Jumbe alitikisa kichwa, akiwa bado na shaka. "Maneno nimeyasikia. Lakini mimi ni mtu wa kuona. Huyo mtoto mgonjwa yuko wapi?"

Mtoto mgonjwa alikuwa miguuni pake. Watu walipokuwa wakibishana, Marijani alikwisha jipenyeza mpaka mbele, na sasa alikuwa ameing'ang'ania fimbo ya jumbe yenye kichwa cha fedha, anaivuta kwa mikono miwili. Jumbe akaivuta kwake. Marijani akaanguka makalio, akavuta pumzi ndefu, ndefu hata mama yake akashika kifua, akapiga ukelele.

Ukelele gani huo! Kunguru waliruka kutoka juu ya paa. Mbuzi wa jumbe alikata kamba. Uliendelea, ukapanda, ukafika pale ambapo kila mtu alidhani utakatika, haukukatika, ukapanda tena. Mzee asiyependa kelele aliziba masikio yote mawili.

"Huyu?" akauliza kwa nguvu. "Huyu ndiye mwenye kifua?"

"Ndiye!" Bi Mwanakombo akajibu akiruka juu na unene wake wote. "Ndiye mjukuu wangu!"

"Mpeni fimbo!" jumbe akalia. "Mpeni fimbo, kesi imekwisha!"

Baraza zima liliangua kicheko, Bwana Thuwaini akicheka kuliko wote. Vigelegele vilivyokuwa vimewekwa akiba vikatoka vyote kwa mpigo mmoja, na Mwanaheri akabebwa juu juu mpaka nyumbani. Kabla ya pepo za kusi kukolea, hapakuwa na ua Mtoni usiokuwa na kibanda cha jiko, wala chumba cha mtoto kisicho na tundu la kupitisha upepo. Jioni, ubani ulifuka malangoni, mlango kwa mlango, na Bi Mwanakombo alipita akikagua, akimweleza kila mpita njia kwamba fikra ile ya lango ilikuwa yake. Mwamvita aliipeleka habari hiyo mpaka Kinondoni.

Na wale walioandamana kwa vigelegele kumtafuta adui kwenye tanuri la jirani, huku wakimfungia ndani, wakimpepea na kumwongezea kuni, waliungama kwa vinywa vyao wenyewe: kikulacho ki nguoni mwako.